Waini na Viazi vya Kuoka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Lishe

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa akina mama wa vyama ninavyovifundisha lishe katika mitaa ya Nairobi: Umoja, Kayole na Donholm. Mengine huja kwa simu usiku, mengine huulizwa pembeni baada ya mkutano, muulizaji tayari ameshika mkoba wake anataka kuondoka. Nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu ana kwa ana. Hesabu zote za kiazi ni za kiazi ulaya, yaani waru, kilichookwa na ganda lake bila mafuta wala chumvi. Za waini ni za waini ya kawaida isiyo tamu. Kiazi chako au chupa yako inaweza kuzidi au kupungua kidogo, lakini tofauti kati ya viwili hivi inabaki pale pale.

Kwa nini mtu alinganishe waini na viazi?

Kwa sababu simu zetu zinavilinganisha kila siku. Dada mmoja wa chama alinionyesha programu yake ya kuhesabu kalori. Kiazi cha kuoka, gramu 100: kalori 93. Waini nyekundu, gramu 100: kalori 85. Akaniambia, "Mwalimu, kumbe waini ni nyepesi kuliko waru. Basi jioni nitaacha chakula, ninywe glasi zangu mbili nilale."

Alikuwa anajitahidi kwa dhati kupunguza uzito, na namba alizonionyesha ni sahihi. Tatizo ni yale ambayo namba hizo hazisemi. Nilikaa naye karibu saa nzima siku hiyo, na mengi yaliyo hapa chini nilimwambia yeye kwanza.

Kama waini isiyo tamu haina sukari, kalori zake zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye pombe yenyewe. Watu wengi hawajui hili, kwa hivyo nitalieleza taratibu.

Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4. Gramu moja ya protini pia 4. Mafuta hutoa 9. Pombe hutoa 7, kwa hivyo iko karibu zaidi na mafuta kuliko na ugali. Juisi ya zabibu inapochachushwa, hamira hula ile sukari na kuigeuza pombe. Sukari inaisha, ulimi unasema kinywaji hiki si kitamu, na mtu anadhani kalori zimeisha pamoja na sukari. Hazijaisha, zimebadilisha nguo tu.

Ndani ya gramu 100 za waini nyekundu kuna maji kama gramu 86, pombe gramu 10 na ushee, wanga gramu 2.6, na protini ambayo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya gramu. Kiazi cha uzito huo huo kina wanga gramu 21, protini gramu 2.5, nyuzinyuzi gramu 2.2, na pombe hakuna.

Sasa tazama mwili unavyovipokea. Wanga wa kiazi unaweza kutumika mara moja kama nguvu, au ukawekwa akiba kwenye misuli na ini ukusubiri kesho upande ngazi. Pombe haina ghala mwilini. Mwili huiona kama sumu, na ini huacha kazi nyingine ili ishughulikie hiyo kwanza. Wakati ini linahangaika nayo, mafuta uliyokula pamoja nayo yanasubiri zamu, na yakisubiri sana yanawekwa akiba. Kwa hivyo kalori 85 za waini na kalori 93 za kiazi zinakaribiana kwenye simu, lakini mwilini kila moja inapita mlango wake.

Glasi moja ni kiasi gani hasa? Na kiazi kimoja je?

Hapa ndipo hesabu za nyumbani huharibika. Glasi inayotajwa kwenye vitabu vya lishe ni mililita 150, na ina kalori kama 125. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za namna hiyo, jumla yake kalori zaidi ya 600.

Nilimwomba yule dada animiminie "glasi moja" kama anavyojimiminia nyumbani, ila tukatumia maji. Nikayamimina kwenye kikombe changu cha kupimia: mililita 240. Glasi zake mbili zilikuwa glasi tatu na zaidi, karibu kalori 400. Hakuwa akijidanganya. Glasi zinazouzwa siku hizi ni kubwa, na ukimimina mililita 150 ndani yake unaona kama umeweka tone tu.

Kiazi nacho nilikipima. Kilikuwa cha aina iitwayo Shangi, ya kawaida, kutoka kwa mama mboga wa mtaani, si kubwa, si ndogo. Kabla ya kuingia oveni mizani ilisoma gramu 212. Kilipotoka, ganda limekunjamana na mvuke unafuka pale nilipokitoboa, kilikuwa gramu 176. Uzito uliopotea ni maji. Kiazi cha ukubwa huo, kikiwa kimeiva, kina kalori kama 160 tu, na mtu mzima akikila na sukuma wiki na maharagwe anasimama mezani ameshiba.

Kwa hivyo nikiacha chakula nikanywa waini, si bado nimepunguza kalori?

Kwa saa mbili, labda. Halafu njaa inakuja.

Mwaka 1995, Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, kisha wakapima walivyoshiba kwa saa mbili. Mkate mweupe ulipewa alama 100 uwe kigezo. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, na hakuna chakula kilichovizidi. Nilifurahi sana niliposoma hayo mara ya kwanza, maana kwetu kiazi kimesingiziwa mengi.

Pombe hufanya kinyume. Inafungua hamu ya kula na inalegeza maamuzi. Ndiyo maana waini ya saa mbili usiku hufuatwa na chips na kuku wa saa nne. Siwalaumu wanaofanya hivyo. Tumbo lilikuwa tupu, na likapewa kitu kisichoshibisha.

Potasiamu ni nini, na mbona unaitaja kila mara?

Kwa sababu kwenye kila chama ninachoingia kuna mtu anayemeza dawa za presha. Potasiamu ni madini yanayosaidia mwili kutoa chumvi ya ziada na kulegeza mishipa ya damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku.

Kiazi cha kuoka kina miligramu 535 kwa kila gramu 100. Kile kiazi kimoja cha wastani kina zaidi ya 900, robo ya mahitaji ya siku. Waini nyekundu ina kama 127 kwa gramu 100, na nyeupe ina chache zaidi, kama 71.

Jaribu kuigeuza hesabu hii. Ili upate kwenye waini nyekundu potasiamu iliyo kwenye kiazi kimoja, lazima umalize chupa nzima. Pamoja na potasiamu hiyo utakuwa umekunywa gramu 75 hivi za pombe, na pombe ya kiasi hicho yenyewe hupandisha presha. Kiazi chenyewe kina miligramu 10 tu za sodiamu kwa gramu 100. Chumvi tunaiongeza sisi.

Na vitamini?

Waini haina vitamini C. Kiazi cha wastani kilichookwa kina kama miligramu 17, zaidi ya theluthi ya miligramu 45 anazohitaji mtu mzima kwa siku. Kina pia vitamini B6 ya kutosha, na folati kiasi. Ukikichemsha bila ganda, sehemu ya vitamini C na potasiamu hubaki kwenye maji unayomwaga. Kukioka kizima huzuia hilo.

Nimeambiwa waini nyekundu huongeza damu. Ni kweli?

Swali hili huulizwa sana na waliotoka kujifungua. Mara nyingi ni shangazi au jirani amewaletea chupa kwa nia njema kabisa. Rangi yake inafanana na damu, na nadhani imani hiyo ilianzia hapo.

Madini ya chuma yamo, lakini ni kidogo: karibu nusu miligramu kwa gramu 100. Kiazi kina miligramu moja hivi, mara mbili yake. Zaidi ya hapo, ule ukakasi unaousikia ulimini unapokunywa waini nyekundu unatokana na tanini, na tanini hushika madini ya chuma yaliyo kwenye ndengu, maharagwe na mboga, yasifyonzwe vizuri. Majani ya chai hufanya hivyo hivyo. Vitamini C ya kiazi husaidia: ukila kiazi na ndengu, chuma ya ndengu inaingia vizuri zaidi.

Mama aliyejifungua akiwa na upungufu wa damu aende kliniki apimwe na apewe vidonge vya kuongeza damu. Kama ananyonyesha, pombe iliyo kwenye damu yake inafika kwenye maziwa pia. Mjamzito asinywe kabisa, hata glasi ndogo ya harusi, kwa sababu pombe huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Lakini si daktari mmoja alisema kwenye redio waini nyekundu ni nzuri kwa moyo?

Habari hii ina historia. Mwaka 1991 kipindi cha televisheni cha Marekani, 60 Minutes, kilieleza kwamba Wafaransa hula siagi na jibini nyingi lakini hawapatwi sana na magonjwa ya moyo, na waini nyekundu ikapewa sifa hiyo. Mauzo yake Marekani yakapanda. Tangu hapo habari hiyo imezunguka dunia nzima hadi ikafika kwenye makundi yetu ya WhatsApp.

Kitu kinachotajwa mara nyingi ni resveratroli, inayotoka kwenye ganda la zabibu. Imo kweli, ila lita nzima ya waini ina miligramu chache tu, kiasi kidogo mno kufanya yale yaliyotarajiwa. Kuhusu watu wanaokunywa kidogo kuonekana na afya njema kuliko wasiokunywa kabisa, watafiti walipochunguza zaidi waligundua kwamba miongoni mwa wasiokunywa wamo wengi walioacha kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa. Ukimlinganisha na hao, mnywaji yeyote ataonekana mzima.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988. Saratani ya matiti imo, na ya ini, ya koo na ya utumbo mpana. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likatamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Siandiki haya ili kumtisha mtu anayekunywa glasi moja kwenye ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya mpwa wake. Nayaandika kwa sababu nimekutana na wanawake walioanza kunywa wakiwa na miaka 45, hawakuwahi kutaka pombe maishani, kisa wameambiwa ni dawa ya moyo. Kama hunywi, usianze kwa ajili ya afya.

Waini tamu je?

Hiyo ndiyo inayonunuliwa zaidi na watu ninaokutana nao, nyingi ikiwa ya Afrika Kusini, kwenye chupa au boksi. Baadhi ina pombe kidogo kuliko waini isiyo tamu, lakini ina sukari juu yake, kwa hivyo kalori hazishuki kama unavyotarajia. Ile nzito kabisa, inayonywewa baada ya mlo, hufika kalori 160 kwa gramu 100. Soma asilimia ya pombe kwenye lebo. Utamu hauonyeshi nguvu ya kinywaji, na utamu ndio humfanya mtu apitishe kipimo bila kujua.

Viazi si vinanenepesha?

Kinachonenepesha mara nyingi ni kile tunachokipaka au kukikaangia. Gramu 100 za chips zina kalori kama 310, zaidi ya mara tatu ya kiazi cha kuoka. Kijiko kikubwa cha siagi au majarini ni kalori 100 peke yake. Ukipasua kiazi ukaweka vijiko viwili, siagi imekishinda kiazi chenyewe. Weka kachumbari, maharagwe, mtindi wa kawaida au parachichi kidogo.

Mwaka 2010 Chris Voigt, aliyeongoza tume ya viazi ya jimbo la Washington, Marekani, alikula viazi 20 kila siku kwa siku 60, bila chakula kingine ila viungo na mafuta kidogo. Alipungua kilo 9 na zaidi. Tafadhali usimwige: mwili unahitaji vyakula vingine pia, na viazi karibu havina vitamini A. Namtaja kwa sababu amejibu swali hili vizuri kuliko ninavyoweza.

Nina kisukari. Kiazi kinapandisha sukari, waini haipandishi. Si bora waini?

Tafadhali soma jibu hili hadi mwisho.

Ni kweli kiazi cha kuoka kinapotoka motoni hupandisha sukari ya damu haraka. Hupunguzwa kwa njia kadhaa: chukua kiazi kidogo, kisizidi ngumi yako, ukile pamoja na protini na mboga nyingi, na ukiweza, kioke leo, kipoe usiku kucha kwenye friji, ukile kesho. Kikipoa, sehemu ya wanga hugeuka kuwa wanga sugu ambao tumbo haliusagi kwa urahisi, na sukari haipandi kwa kasi ile.

Waini isiyo tamu kweli haipandishi sukari sana. Hatari yake ni kuishusha. Ini ndilo hutoa sukari kwenye damu wakati hujala. Likishughulika na pombe, kazi hiyo inadorora. Mtu anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, akinywa bila kula, sukari inaweza kushuka mno, hata saa nyingi baadaye akiwa usingizini. Anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo. Walio karibu wanasema amelewa, wanamfunika blanketi alale. Watu hufa hivyo. Ukimwona mgonjwa wa kisukari katika hali hiyo na bado anaweza kumeza, mpe soda ya sukari au maji ya glukosi upesi, kisha mkimbize hospitali. Akiwa hawezi kumeza, usimpe kitu mdomoni. Mpeleke hospitali mara moja.

Nina ugonjwa wa figo. Je, nile kiazi cha kuoka?

Muulize daktari wako kwanza. Ile potasiamu niliyoisifu hapo juu inaweza kukudhuru ikiwa figo haziwezi kuitoa. Wagonjwa wengi wa figo hushauriwa wamenye viazi, wavikate vidogo, wavichemshe kwenye maji mengi na kuyamwaga. Kuoka huhifadhi potasiamu yote ndani.

Natumia dawa za TB. Nikipunguza waini hadi glasi moja?

Usinywe hata hiyo moja hadi umalize dawa. Dawa za TB zinalemea ini, na pombe inalilemea ini hilo hilo.

Ninaweza kupikia waini? Pombe si inaungua yote?

Haiungui yote. Mchuzi uliochemka dakika 15 baada ya kutia waini hubaki na karibu asilimia 40 ya pombe yake, na baada ya saa nzima asilimia 25. Kwa mlo wa watoto au mjamzito, tumia supu ya mifupa na limau kidogo badala yake.

Sina oveni. Nitaokaje kiazi?

Jiko la makaa linatosha, na mimi napenda ladha yake zaidi. Chagua viazi vinavyolingana ukubwa. Visugue kwa brashi, visibaki na hata chembe ya udongo wa shambani, na uvikaushe. Subiri makaa yakolee hadi yafunikwe na majivu meupe. Moto mkali utaunguza ganda na kuacha katikati pagumu. Vizike pembeni, ugeuze kila baada ya dakika kumi. Kwa kiazi cha gramu 200 hesabu dakika 45 hadi saa nzima, kisha chomeka kisu: kikipita bila kukwama, kimeiva. Fanya haya nje au mlango na madirisha yakiwa wazi, kwa sababu makaa kwenye chumba kilichofungwa huua.

Kiazi kimekuwa kijani na kimeanza kuchipua. Nikikioka si kinakuwa salama?

Hapana. Rangi ya kijani inaonyesha kimekaa kwenye mwanga, na kiazi cha namna hiyo huwa kimetengeneza pia solanini, sumu inayoumiza tumbo na kutapisha. Moto wa jikoni hauiondoi. Kama ni kidoa kidogo, kata sehemu hiyo kwa kina na uchimbe macho yote yaliyochipua. Kikiwa kijani kote, au kikawa kichungu ulimini, kitupe. Shangi huchipua haraka kuliko aina nyingi, kwa hivyo usinunue debe zima kama mko wawili nyumbani. Nunua za kutosha wiki moja, uziweke kwenye mfuko wa karatasi au kikapu, mahali pakavu na penye giza.